Jina la Chakula na Tarakimu Yake: Wasaidizi wa Akili Bandia na Majedwali ya Virutubishi

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la wataalamu wa lishe na mafundi wa kompyuta peke yao. Jambo lenyewe ni zana ambazo wasaidizi wa akili bandia hupewa ili waweze kutafuta habari za virutubishi vya vyakula. Tutajaribu kuonyesha kwamba katikati ya kazi hiyo pana tatizo la lugha, na kwamba kwa upande wa Kiswahili tatizo hilo halitatatuliwa vyema pasipo mtaalamu wa lugha kushirikiana na mtaalamu wa lishe.

Yafaa kwanza tubainishe istilahi. Kwa "akili bandia" tunakusudia kile ambacho wengine hukiita akili unde, au akili mnemba kama ilivyozoeleka zaidi nchini Tanzania. "Msaidizi" ni programu ya kompyuta inayopokea swali katika lugha ya kawaida na kulijibu katika lugha iyo hiyo. Programu za namna hii zilienea sana baada ya ChatGPT kutolewa kwa umma mwezi wa Novemba 2022. Kwa "zana" tunakusudia programu nyingine, iliyo nje ya msaidizi, ambayo msaidizi aweza kuiita imfanyie kazi maalumu, kama vile kupiga hesabu au kutafuta rekodi katika hifadhi ya data.

Miongoni mwa maswali wanayoulizwa wasaidizi hawa ni yale ya chakula. Mgonjwa wa kisukari hutaka kujua kiasi cha wanga kilichomo katika sahani yake kabla ya kujidunga insulini. Mzazi anayemwanzishia mtoto uji hutaka kujua unga upi una madini mengi zaidi. Jawabu likipotoka, madhara humfika mlaji. Kwa sababu hiyo suala hili halifai kuachwa lijitatue lenyewe.

2. Majedwali ya virutubishi

Desturi ya kupima viambato vya vyakula na kuviorodhesha ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1896 Wilbur Atwater na mwenzake Charles Woods walichapisha nchini Marekani jedwali la vyakula vya nchi hiyo. Nchini Uingereza McCance na Widdowson walitoa jedwali lao mwaka 1940. Bara la Afrika lilipata jedwali la jumla mwaka 1968, lililotayarishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kwa ushirikiano na serikali ya Marekani. Tanzania ilipata majedwali yake mwaka 2008, na Kenya ikachapisha majedwali mapya mwaka 2018, pamoja na kitabu cha mapishi ya kawaida ya nchini na virutubishi vyake.

Katika majedwali haya kila chakula kina rekodi yake. Rekodi hutaja jina la chakula, hali yake (kibichi, kikavu, kilichochemshwa na kadhalika), kisha hutaja kiasi cha maji, protini, mafuta, wanga, madini na vitamini katika gramu 100 za sehemu inayoliwa.

Hifadhi inayotumiwa zaidi na waundaji wa programu ni ile ya Wizara ya Kilimo ya Marekani iitwayo FoodData Central, ambayo ilifunguliwa mwaka 2019 ikachukua mahali pa hifadhi za awali za wizara hiyo. Hutolewa bure, nayo imewekewa njia ambayo kwayo programu ya kompyuta yaweza kuomba rekodi na kuipokea papo hapo. Kwa kuwa ni rahisi kuifikia, ndiyo ambayo mwundaji wa zana hukimbilia, hata kama watakaoitumia zana yake wako Kisumu au Lamu. Hifadhi hiyo ni ya Kiingereza na vyakula vyake vingi ni vya Marekani.

3. Jinsi zana inavyofanya kazi

Ili kufahamu kwa nini zana inahitajika, ni lazima tukumbuke jinsi msaidizi anavyotunga jawabu. Msaidizi hakuhifadhi jedwali ndani yake. Amefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kutokana na maandishi hayo amejifunza ni neno lipi laelekea kufuata lipi. Tarakimu iliyorudiwa mara nyingi katika maandishi hayo aweza kuitoa sawasawa. Ile iliyotajwa mara chache hukisiwa, na mkisio huo huja kwa lugha ya uhakika ule ule. Msomaji hana njia ya kutofautisha kilichokumbukwa na kilichobuniwa.

Zana hukusudiwa kuondoa udhaifu huo, na kazi yake yaweza kugawanywa katika hatua nne. Kwanza, mwundaji wa mfumo humpa msaidizi maelezo ya zana: jina lake, kazi yake, na mambo inayohitaji kuambiwa, kwa mfano jina la chakula na uzito wake. Pili, mtumiaji anapouliza swali la chakula, msaidizi hajibu mara moja, bali hutunga ombi lenye umbo maalumu na kulipeleka nje. Tatu, programu iliyoko nje hulipokea ombi, hutafuta katika hifadhi, na kurudisha rekodi. Nne, msaidizi huisoma rekodi hiyo na kutunga jawabu kwa lugha ya mtumiaji. Kampuni ya OpenAI iliwafungulia waundaji wa programu njia ya namna hii mwezi wa Juni 2023, na mwezi wa Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza itifaki ya wazi iitwayo Model Context Protocol, ili zana moja iweze kuunganishwa na wasaidizi mbalimbali.

Hapana shaka kwamba haya ni maendeleo. Tarakimu inayotoka katika rekodi ina asili inayoweza kukaguliwa. Lakini tukitazama kwa makini hatua ya pili, tutaona kwamba kabla ya kutuma ombi msaidizi ni lazima achague jina la kutafutia. Mtumiaji akiuliza kwa Kiswahili, na hifadhi ikiwa ya Kiingereza, uchaguzi huo ni tafsiri. Zana yaweza kurudisha rekodi sahihi kabisa ya chakula ambacho mtumiaji hakukitaja. Kosa la namna hii ni gumu kuligundua kuliko la awali, kwa kuwa sasa tarakimu yaja na namba ya rekodi na jina la wizara iliyoitoa.

4. Jina na kitu

Mahali ambapo jina na kitu huachana tumepagawa katika mafungu manne.

(a) Kiswahili kinapobagua na Kiingereza kinapochanganya. Kila Mswahili ajua kwamba mpunga uko shambani au ghalani, mchele umekwisha kukobolewa, na wali uko sahanini. Kiingereza hutumia neno moja, "rice", na kuongeza vivumishi panapokuwa na haja. Katika hifadhi ya Marekani gramu 100 za mchele mweupe zina kilokalori 365 hivi na gramu 80 za wanga, ilhali gramu 100 za wali uliochemshwa kwa maji zina kilokalori 130 hivi na gramu 28 za wanga. Mtu akisema kwamba amekula gramu 200 za wali, na msaidizi akatafuta "rice" tu, rekodi ya kwanza kupatikana yaweza kuwa ya mchele. Hapo jawabu litakuwa gramu 160 za wanga badala ya 56. Mgonjwa anayepima insulini kwa hesabu hiyo yumo hatarini. Yafaa ikumbukwe kwamba mtumiaji alikuwa amekwisha kusema kila kilichohitajika. Neno "wali" lilikuwa na habari ya upishi ndani yake, na habari hiyo ikapotezwa katika tafsiri.

Nazi ni mfano mwingine. Kiswahili huifuata nazi katika ukuaji wake wote: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, na mwishowe mbata ikikaushwa. Vitokavyo humo navyo vina majina: maji ya dafu, tui, kasimile ambalo ni tui zito la kwanza, na chicha zinazobaki baada ya kukamua. Katika hifadhi ya Marekani gramu 100 za maji ya nazi zina kilokalori 19, za tui 230, na za nyama ya nazi 354. Neno la Kiingereza linaloongoza rekodi zote tatu ni moja. Aidha koroma, ambalo mpishi wa Pwani halichanganyi na kitu kingine, halina neno moja la Kiingereza la kulitafutia.

(b) Tafsiri inapotoa mmea mwingine. Kamusi za lugha mbili mara nyingi hufasiri wimbi (au ulezi, kama usemavyo upande wa Tanzania) kuwa "millet". Neno hilo hutumiwa pia kwa uwele na kwa nafaka nyingine ndogondogo. Msaidizi akitafuta "millet" katika hifadhi ya Marekani, rekodi ya nafaka mbichi atakayoipata yaonyesha miligramu 8 tu za kalsiamu katika gramu 100. Vipimo vya wimbi kwa kawaida hutoa miligramu 300 na zaidi. Mzazi aliyeuliza kama uji wa wimbi una kalsiamu ataambiwa kwamba hauna ya kutajika, na huenda akauacha akanunua unga wa dukani wenye bei kubwa na kalsiamu ndogo. Hapa tofauti yapita mara 30, nayo imesababishwa na neno moja.

Mchicha nao hufasiriwa mara kwa mara kuwa "spinach". Katika hifadhi hiyo hiyo majani mabichi ya mchicha yana miligramu 215 za kalsiamu katika gramu 100, na mboga ambayo Wamarekani huiita "spinach" ina miligramu 99. Isitoshe, ile ambayo sokoni Kenya huitwa spinachi aghalabu si hiyo ya Wamarekani, bali ni mboga wanayoiita "Swiss chard", yenye miligramu 51. Basi neno la mkopo, ambalo lingedhaniwa kuwa salama kuliko yote, ndilo linalopotosha zaidi.

(c) Kiswahili chenyewe kinapochanganya. Isidhaniwe kwamba kosa ni la Kiingereza daima. Ndizi kwetu ni jina la tunda bivu linaloliwa mkononi, na pia la ndizi mbichi za kupika. Dagaa wa Ziwa Viktoria, ambao wavuvi wa Kenya huwaita omena na wa Uganda mukene, si samaki wale wale wa Ziwa Tanganyika, wala wote hao si dagaa wa baharini. Tena dagaa wakavu wana maji machache mno kuliko wabichi, hata gramu 100 za wale haziwezi kulinganishwa na gramu 100 za hawa. Chai kwa Wakenya wengi ni chai iliyopikwa kwa maziwa na kutiwa sukari. Asiyeitaka hivyo huomba chai ya rangi au strungi. Lakini rekodi ya chai katika hifadhi ya kigeni ni ya majani na maji tu, nayo haina kalori za kutajika. Vivyo hivyo, wali wa Mombasa huenda ukawa umepikwa kwa tui, na wali wa rekodi umechemshwa kwa maji matupu. Katika mifano hii mtumiaji amesema neno moja, na wenzake wa mahali pamoja naye wamemwelewa kwa kuwa wanashiriki desturi moja ya upishi. Msaidizi hana desturi hiyo isipokuwa ameelezwa.

(d) Vipimo. Majedwali huhesabu kwa gramu, na watu hutaja kikombe, upawa, fungu, kibaba, pishi yenye vibaba vinne, au gorogoro. Vipimo hivi ni vya ujazo na si vya uzito. Gorogoro la maharagwe na gorogoro la unga hayalingani kwenye mizani. Fungu la mboga hubadilika kwa msimu na kwa muuzaji. Zana isiyo na jedwali la kugeuza vipimo hivi humlazimisha msaidizi kukisia, na hapo twarudi kwenye udhaifu ule ule ambao zana ililetwa kuuondoa.

5. Istilahi ndani ya jedwali lenyewe

Baada ya chakula kupatikana, majina ya virutubishi nayo yahitaji uangalifu. Neno "wanga", kama tunavyolitumia katika makala haya, hufasiri kile ambacho majedwali ya Kiingereza hukiita "carbohydrate". Lakini katika hifadhi ya Marekani kiasi hicho hupatikana kwa kutoa: chakula kizima hupunguzwa maji, protini, mafuta na majivu, na kinachobaki, zikiwamo nyuzinyuzi ambazo mwili hauzimeng'enyi kuwa sukari, huhesabiwa. Katika majedwali ya Uingereza sukari na wanga wenyewe hupimwa, na nyuzinyuzi hutengwa. Gramu 100 za maharagwe yaliyochemshwa zina takriban gramu 23 kwa hesabu ya Marekani, na kati ya hizo zaidi ya 6 ni nyuzinyuzi. Msaidizi akijibu kwa neno "wanga" bila kubainisha ni hesabu ipi, mgonjwa hawezi kujua ahesabu nini. Tatizo hili lilitambuliwa zamani na wataalamu wa lishe. Mradi wa kimataifa uitwao INFOODS, ulioanzishwa mwaka 1984, uliweka alama tofauti kwa kila namna ya kipimo. Kiswahili hakijawekewa istilahi mbili zinazolingana na alama hizo na kukubaliwa na wote.

Jambo la pili ni tofauti baina ya sufuri na ukosefu wa kipimo. Kirutubishi ambacho hakikupimwa katika chakula fulani hakitajwi katika rekodi yake. Zana iliyoundwa kwa haraka hujaza pengo hilo kwa 0, na msaidizi husema kwamba chakula hicho hakina kirutubishi hicho. Mgonjwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, hushauriwa asibadilishebadilishe kiasi cha vitamini K anachokula, na vitamini hiyo imo kwa wingi katika mboga za majani. Akiambiwa kwamba mboga ya kienyeji ambayo haikupimwa haina vitamini K, atakuwa ameambiwa uongo wenye madhara. "Haimo" na "haikupimwa" ni kauli mbili, na zana yapaswa kuzitenga.

6. Yapasayo kufanywa

Kutokana na maelezo yaliyotangulia twaona kwamba kuna kazi kadha zinazoweza kufanywa bila kungoja makampuni makubwa.

Kwanza, panahitajika kamusi ya vyakula vya Afrika Mashariki iliyotungwa kwa ajili ya kazi hii. Kamusi zetu zimezoea kufafanua kwa kusema "aina ya samaki", "aina ya ndizi" au "aina ya mboga". Fasili hiyo humtosheleza msomaji aliyekwisha kukiona kitu chenyewe. Haimfai mgeni, na mashine ni mgeni. Kidahizo katika kamusi tunayoipendekeza kitaje eneo ambalo neno hutumika, visawe vyake katika lahaja na lugha jirani, jina la kisayansi, sehemu inayoliwa, hatua ya ukuaji, namna ya upishi, viungo vinavyodhaniwa kuwamo hata visipotajwa, na namba ya rekodi inayolingana nacho katika majedwali ya Kenya ya 2018 au ya Tanzania ya 2008. Chini ya "wimbi", kwa mfano, pangeandikwa ulezi kama kisawe, Eleusine coracana kama jina la kisayansi, na onyo kwamba uwele ni nafaka nyingine.

Pili, zana ipokee neno la Kiswahili kama lilivyosemwa. Neno litafutwe kwanza katika kamusi hiyo na katika majedwali ya hapa, na hifadhi ya kigeni iendewe tu pale ambapo ya hapa hayana rekodi. Kwa njia hii tafsiri ya Kiingereza haitakuwa mlango ambao kila swali hulazimika kuupitia.

Tatu, zana irudishe maelezo kamili ya rekodi iliyochaguliwa, na msaidizi aagizwe kuyataja katika jawabu: "Nimehesabu wali uliochemshwa kwa maji, bila tui." Mtumiaji akisoma hivyo ataweza kusahihisha. Na pale ambapo neno lina maana mbili zenye tarakimu zinazoachana sana, msaidizi aulize kabla ya kujibu: dagaa wabichi au wakavu? Chai ya maziwa au ya rangi?

Huenda pakawa na wasemao kwamba kazi hii ni bure, kwa kuwa wasaidizi huboreshwa mwaka hadi mwaka na hatimaye watajifunza tofauti hizi wenyewe. Hoja hiyo ina nguvu kwa maneno kama "mchele" na "wali", ambayo maandishi yaliyopo huyatenga wazi. Haina nguvu kwa dagaa au kwa fungu la mchicha. Maandishi ya Kiswahili ni nadra kusema ni dagaa wa ziwa lipi, kwa kuwa mwandishi na msomaji wake walilijua. Kisichoandikwa hakiwezi kujifunzwa kutoka kwa maandishi. Ni lazima kikusanywe kwa wavuvi, kwa wakulima, na kwa akina mama wauzao sokoni, jinsi ambavyo wanafunzi wa isimu wamekuwa wakikusanya msamiati wa lahaja tangu zamani.

7. Hitimisho

Tumeeleza kwamba zana ya kutafutia virutubishi humwondolea msaidizi wa akili bandia haja ya kubuni tarakimu, lakini humwachia kazi ya kuchagua jina, na kwamba katika Kiswahili makosa makubwa hutokea katika uchaguzi huo. Tumeonyesha pia kwamba majedwali ya hapa yapo tayari, na kwamba kinachokosekana ni daraja baina yake na maneno ambayo watu huyatumia. Idara za lugha zina wanafunzi wanaotoka katika kila eneo la upishi tuliolitaja. Ikiwa kila mmoja wao atapewa fungu moja la msamiati, mathalani samaki wa ziwa moja au ndizi za wilaya moja, akalikusanya pamoja na majina ya kisayansi na vipimo vya kwao, sehemu kubwa ya kamusi hiyo yaweza kutayarishwa katika miaka michache. Faida yake haitaishia kwenye kompyuta, kwani muuguzi wa zahanati na mwalimu wa sayansi kimu nao wataitumia.